Projekta Ikigoma Kwenye Kikao cha Bajeti

Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kabla ya hapo wakazi huitwa kutoa maoni. Projekta ikigoma, aliyeketi nyuma huishia kupigia makofi mradi ambao hakuusoma.

Anayeandaa kikao afike saa nzima mapema. Ukuta ukionyesha buluu tupu au maneno “No Signal”, kwa kawaida projekta haijaharibika. Achomoe waya wa HDMI na kuurudisha hadi ushike, kisha abonyeze “Source” kwenye projekta mpaka afikie tundu alilotumia. Ikikataa bado, kwenye laptopu ya Windows abonyeze kitufe cha Windows pamoja na P, achague “Duplicate”. Hapa ndipo wengi hukwama: laptopu huwa kwenye “Extend”, ukuta ukaonyesha picha tupu huku jedwali la bajeti likionwa na afisa peke yake.

Picha iliyopanuka juu na kubana chini hutokana na projekta kuinamishwa. Iwekwe juu ya meza ndefu zaidi, ielekee ukuta moja kwa moja. Maandishi yenye ukungu hurekebishwa kwa pete ya lenzi. Jua la dirishani halina kitufe; lizibwe kwa pazia au hata shuka.

Baada ya kuzima, waya wa umeme usichomolewe kabla ya feni kusimama, kwani taa huwa na joto kali.

Nakala zilizochapishwa ziwepo mezani. Stima ikipotea, kikao kiendelee nazo.