Kuzimika kwa Mwali na Kufungwa kwa Gesi: Fasili ya Vihisi vya Hita

Utangulizi

Baridi ya Julai inapokaza jijini Nairobi, baadhi ya nyumba za Spring Valley huwashwa hita za gesi. Katika maongezi ya kawaida, kauli "zima gesi" hutosha. Hata hivyo, mfasiri wa mwongozo wa hita hana budi kutenganisha mambo mawili: mwali kuzimika na gesi kufungwa. Mwali ukizimika kabla ya gesi kufungwa, gesi huendelea kutoka. Na kwa kuwa gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni na kungoja cheche. Makala haya yanaeleza jinsi vihisi vinavyoliziba pengo hilo.

Kihisi-mwali

Katika hita nyingi, kihisi hiki ni metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani. Msingi wake ni uchunguzi wa Thomas Seebeck wa mwaka 1821. Ncha ikipata moto, huzalika umeme mdogo, takriban milivolti 20 hadi 30, unaotosha kuishikilia vali ya sumaku-umeme ibaki wazi. Ndiyo maana mtumiaji hubonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa anapowasha: ncha haijapata moto. Mwali ukizimika, ncha hupoa, umeme hukatika, na springi huifunga vali.

Baadhi ya hita zina kinga ya ziada. Oksijeni ikipungua chumbani, mwali mdogo wa kuwashia huihama ncha, nayo vali hufungwa. Hata hivyo, kinga hii haiondoi haja ya kuacha dirisha wazi kiasi, kwani kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Kihisi-joto

Hiki hupima joto la chumba. Katika aina moja, ukinzani wa umeme hupungua joto linapopanda. Kidhibiti husoma badiliko hilo na kupunguza gesi. Kihisi-joto huhudumia starehe. Kihisi-mwali hulinda uhai. Kuviita vyote "kihisi cha moto" ni kumpotosha fundi.

Suala la istilahi

Neno "mwali" lina maana ya ulimi wa moto na pia ya msichana aliye unyagoni. Upatanisho wa kisarufi huondoa utata huo: "mwali umezimika", "mwali amefundwa".

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba miongozo iandike "zima" kwa moto na "funga" kwa gesi. Katika chumba kilichofungwa usiku, tofauti ya vitenzi hivyo si ya kisarufi tu.