Kununua Malori ya Safari Ndefu: Mambo ya Kupimwa Kwanza na Wenye Mali wa Kajiado

Barabara kuu itokayo Athi River mpaka Namanga ni ya urefu wa kilomita 136 hivi. Hupita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil, kisha huvuka mpaka na kuendelea mpaka Arusha. Usiku na mchana hupita malori yenye saruji, mahindi, vitunguu na bidhaa za viwandani. Haishangazi, basi, kwamba watu wengi wa wilaya zile, wakisha kuuza ng'ombe au sehemu ya shamba, hufikiri kujiunga na wenzao ili wanunue malori yao wenyewe.

Fikira hiyo ni njema, lakini yataka hadhari. Ng'ombe aliyekonda hunenepa mvua ikinyesha, bali lori hupungua thamani kila siku, likifanya kazi au likilala. Na shamba lililouzwa halirudi. Kwa hiyo yapasa mambo yafuatayo yapimwe kabla ya fedha kutolewa.

1. Mzigo kwanza, lori baadaye

Wengi huanza kwa kuuliza, "Lori gani ni zuri?" Swali hilo halina jibu mpaka lingine lijibiwe kwanza: litachukua mzigo gani, kutoka wapi mpaka wapi, na litarudi na nini? Saruji ni mzigo mzito usiochukua nafasi kubwa. Hutosha trela lililo wazi lenye kufunikwa turubai. Ng'ombe na mbuzi wa soko la Bissil huhitaji bodi yenye vyuma vya pembeni na hewa ya kutosha. Makasha ya meli kutoka Mombasa huhitaji trela lenye komeo za kuyafunga. Lori lililoundwa kwa mzigo mmoja mara nyingi halifai kwa mwingine.

Tena njia itazamwe. Kutoka Mombasa, iliyo kando ya bahari, mpaka Kitengela, lori hupanda zaidi ya meta 1,500. Injini dhaifu itapanda kwa taabu, itakula dizeli nyingi na kuchakaa upesi. Kwa mzigo kamili wa safari ndefu, magari mengi ya kazi hii huwa na nguvu ya farasi kati ya 350 na 450. Kununua nguvu nyingi kupita haja nako ni hasara, kwa kuwa hulipiwa pasipo kutumiwa.

2. Sheria ya uzito

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria moja ya kupima uzito wa magari, ijulikanayo kama Sheria ya mwaka 2016. Kwa sheria hiyo ekseli ya usukani hairuhusiwi kupita tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne mwisho wake ni tani 10. Ekseli mbili za pamoja, tani 18. Na tatu za pamoja, tani 24. Gari lote, pamoja na trela na mzigo wake, lisipite tani 56.

Hesabu ya mnunuzi yatoka hapo. Kichwa chenye ekseli moja nyuma, kikivuta trela la ekseli tatu, hupata 8 na 10 na 24, yaani tani 42. Kichwa chenye ekseli mbili nyuma, kikivuta trela lilo hilo, hupata 8 na 18 na 24, yaani tani 50. Cha kwanza bei yake ni nafuu na hula dizeli kidogo, nacho chafaa mizigo myepesi. Kwa saruji na nafaka, cha pili ndicho chenye faida.

Uzito wa gari lenyewe nao uulizwe. Tuseme kichwa na trela vitupu ni tani 17. Mzigo uliobaki ni tani 33. Kama trela jingine limeundwa kwa chuma chepesi zaidi na limepunguza tani moja, basi kila safari huchukua tani moja zaidi. Kwa safari 150 za mwaka, hizo ni tani 150 zilizolipiwa bila ya kuongeza lori.

Wengine hutaka faida kwa kuzidisha mzigo. Hao hupatikana kwenye mizani, kama ile ya Mariakani au ya Athi River, na faini yaweza kula faida ya safari nyingi. Wala sheria hiyo haikutungwa ili kuwaonea wenye malori. Majaribio makubwa yaliyofanywa Ottawa, katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukizidishwa mara mbili, madhara ya barabara huzidi karibu mara 16. Barabara ikibomoka, wa kwanza kuumia ni mwenye lori, kwa kuwa springi na tairi ni zake.

3. Dizeli hushinda bei

Wanunuzi wengi hutazama bei ya dukani peke yake. Kumbe katika maisha ya lori la safari ndefu, dizeli huweza kugharimu kupita lori lenyewe. Tuseme lori la kwanza hutumia lita 45 kwa kila kilomita 100, na la pili lita 40. Kila moja likienda kilomita 100,000 kwa mwaka, tofauti ni lita 5,000. Chama chenye malori matano kitapoteza lita 25,000 kila mwaka, na kwa miaka mitano lita 125,000. Yafaa kila mjumbe wa kamati azidishe lita hizo kwa bei ya dizeli ya siku ile, kisha aulize tena ni lori lipi lililo rahisi.

4. Jipya au lililotumika

Lori jipya lina dhamana ya mwuzaji, na mabenki hukubali kulikopeshea upesi. Yako pia yanayoungwa humu humu Kenya: Mombasa, Thika, na Nairobi katika kiwanda cha Isuzu, ambacho mpaka mwaka 2017 kilikuwa cha General Motors. Lililotumika huuzwa kwa bei ndogo, lakini kanuni za Kenya huangalia umri wake na hutaka usukani uwe upande wa kulia. Anayeagiza kutoka ng'ambo apate kwanza maelezo ya Shirika la Viwango, maana lori lililokataliwa bandarini ni fedha iliyozama.

Jambo jingine ni injini za kisasa za Ulaya. Nyingi hutaka dizeli safi sana, pamoja na maji maalum ya kusafisha moshi. Afrika Mashariki ilipunguza kiberiti katika dizeli Januari 2015, kutoka sehemu 500 mpaka 50 kwa kila milioni. Hata hivyo injini iliyoundwa kwa dizeli safi zaidi ya hiyo yaweza kusumbua, hasa mahali ambapo fundi mwenye chombo cha kuichunguza hayuko karibu.

5. Aina moja na vipuli vyake

Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupitisha mafuta na shaba. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat kutoka Italia yakatiwa njiani kati ya Dar es Salaam na Zambia. Wakati ule sehemu kubwa ya njia hiyo haikuwa na lami. Mvua ilileta matope na kiangazi kilileta vumbi.

Fundisho liko wazi. Malori yakiwa ya aina moja, ghala la vipuli ni moja, na fundi aliyejifunza injini moja amejifunza zote. Chama chenye malori matano ya aina tano kina maghala matano ya kujaza. Lori likisimama siku kumi Longido kwa kungoja kipuli, deni la benki halisimami.

6. Kutotegemea njia moja

Mwezi Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ukabaki hivyo mpaka Novemba 1983. Malori ya Kenya yaliyokuwa yakipeleka shehena Zambia kwa kupitia Tanzania yakakosa njia. Leo Namanga ina kituo kimoja cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi 2018, na safari ni nyepesi zaidi. Lakini mambo hugeuka. Mwaka 2019 makasha mengi ya Mombasa yaliamriwa kuchukuliwa na reli mpya, na malori mengi yakakosa kazi. Amri hiyo ikaondolewa Septemba 2022. Mwenye trela linaloweza kuchukua makasha na pia magunia aliweza kutafuta mzigo mwingine.

Maswali ya kujadiliwa kabla ya kutia sahihi

Je, yuko mteja aliyeahidi mzigo kwa maandishi? Lori litarudi na mzigo au tupu? Vipuli na fundi wanapatikana Nairobi na Arusha? Madereva wamefundishwa, na watapewa nafasi ya kulala? Malipo ya benki yataweza kutolewa hata kama lori moja limesimama mwezi mzima? Na ni nani atakayeandika kila lita, kila tairi na kila safari?

Swali la mwisho lisidharauliwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Chama kikiona kwamba maswali haya hayajajibika, ni heri kinunue malori mawili na kujifunza kwa mwaka mmoja, kuliko kununua kumi na kuyaona yakichukuliwa na mdai.