Kununua Shamba Mji Ukiwa Umezingirwa

Andiko: Yeremia 32:1-27

Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, mama mmoja alinisimamisha mlangoni. Mumewe ameachishwa kazi, mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mwenye nyumba anatishia kufunga mlango kwa kufuli yake. Nikainua mkono niombe. Akaniambia, "Pasta, maombi nimeombewa. Nataka tu kujua kama Mungu yuko hapa." Sikuwa na jibu la haraka, na nashukuru sikulitunga. Swali lake ndilo limenirudisha kwenye sura hii.

Tuangalie Yeremia alikuwa wapi. Ni mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, chakula kinapungua, na nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi kwa sababu alisema wazi kwamba mji utatekwa. Yaani amefungwa ndani ya mji ambao nao umefungwa.

Na ni hapo neno la Bwana linamjia, askari wakiwa mlangoni. Mama yangu, kama unasoma hii, anzia hapo. Mungu hakungoja Wababeli waondoke ndio aje.

Lakini ona alichomwambia. Mimi ningetaka kusikia siku ya kufunguliwa. Yeye anaambiwa binamu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba. Hebu fikiria: uko ndani, jamaa anakuja kukuona, na hakuna mahali tunasoma alileta hata mkate. Amekuja na shamba! Na shamba lenyewe liko Anathothi, kilomita chache nje ya kuta, pande ambazo adui ametapakaa. Nilisomea biashara chuoni, na nakwambia bei ya shamba kama hilo wakati kama huo ni sufuri. (Ndugu wa kutafuta pesa za haraka hawakuanza leo.)

Yeremia akalinunua. Akapima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi, akatia muhuri, akaita mashahidi. Hati ziliandikwa, moja ikafungwa kwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, na Baruku akaambiwa aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi, kwa maana Bwana amesema nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Napenda sana sehemu hii. Imani yake ina mizani, mashahidi na nakala. Hakusema kwamba kwa kuwa ni unabii tuachane na karatasi. Na tafadhali, mtu asitoke kwa somo hili akanunue ploti bila kuchunguza hati kwa ofisi ya ardhi, eti pasta alisema.

Kisha kuna kitu huwa tunakiruka. Baada ya kulipa, Yeremia anaomba. Anaanza vizuri, anamsifu Muumba wa mbingu na nchi. Akifika mstari wa 24 na 25 yanakuwa maombi ya mtu aliyechanganyikiwa: adui amefika ukutani, njaa na tauni zimetumaliza, na bado wewe Bwana unaniambia ninunue shamba? Pesa imeshatoka na swali bado liko. Mungu hakumkemea. Alimwuliza kama kuna neno gumu la kumshinda Yeye. Tumezoea kufundisha kwamba ukiuliza umepoteza imani. Siamini hivyo tena. Yeremia alitii swali likiwa mdomoni.

Mwaka wa 2020 nilikuwa nauzia shule madaftari na sare. Mwezi wa Machi shule zikafungwa, na ibada nazo zikasimama. Nikabaki na stoo imejaa, mkopo wa chama, na watu watatu walioniamini na mali yao. Jioni nilikuwa nahubiria watu tumaini kwa simu, halafu naizima ili wanaonidai wasinipate. Ndiyo aibu yangu, na naisema kwa sababu najua siko peke yangu. Niliomba mlango ufunguke, kimya. Asubuhi moja nikisoma sura hii, kitu nilichosikia moyoni kilikuwa kidogo na hakikunifurahisha: washa simu. Nikampigia kila mmoja, tukakubaliana deni ni ngapi, nikaliandika, nikaanza na shilingi 200 kila Ijumaa. Kwa hesabu ulikuwa ujinga mtupu. Lakini tangu siku hiyo nyumba yangu haikuwa na ule upweke. Sijui nieleze vipi zaidi. Deni la mwisho nililipa Agosti 2023. Kuna shule moja haijanilipa mpaka leo.

Yeremia naye hakuona mwisho mzuri kwa macho yake. Mji ulianguka mwaka uliofuata. Baadaye watu wake mwenyewe walimpeleka Misri, na Biblia haituambii kama aliwahi kulima lile shamba hata siku moja. Siku za kuzingirwa alikuwa akipewa mkate mmoja kwa siku kutoka mtaa wa waokaji, mpaka mikate ikaisha mjini (Yeremia 37:21). Mkate mmoja na Neno, siku baada ya siku.

Sasa fungua Ezra 2, ile orodha ndefu ya majina hatusomagi. Ni watu waliorudi kutoka Babeli. Mstari wa 23: watu wa Anathothi, 128.

Jumatano kwenye vikundi vya nyumbani, kila mtu aje na jambo moja aliloacha kufanya kwa sababu ya shida: simu ambayo hujapiga, mbegu ambayo hujapanda, mtu ambaye humsalimii tena kwa sababu anakudai. Tutaombea hilo. Na mama wa mlangoni, mimi na mashemasi wawili tunakuja kwako Jumanne jioni. Tutakuja na unga.