HESABU ZA NYUMBANI: WAYA NGAPI NDANI YA BOMBA MOJA?

Umeme umefika katika vijiji vingi. Ndani ya ukuta, waya za umeme hupitishwa katika bomba la plastiki. Wengine husema, "Bado pana nafasi, sukuma mwingine." Hiyo ni hatari.

Waya unaopitisha umeme hupata joto. Waya zikibanana, joto hilo halina pa kutokea. Ganda la plastiki hulainika, waya hugusana, na shoti huweza kuunguza nyumba. Tena, waya zikivutwa kwa nguvu kwenye kona, ganda huchubuka.

Mafundi wengi hufuata kanuni hii: waya 3 au zaidi zisijaze zaidi ya sehemu 40 katika kila sehemu 100 za nafasi ya bomba. Nafasi inayobaki ni ya hewa.

HEBU TUPIGE HESABU

Chukua rula. Pima upana wa tundu la bomba, siyo upana wa nje. Tuseme ni milimita 16. Pima na waya mmoja pamoja na ganda lake. Tuseme ni milimita 4. Angalia: namba 2.5 inayoandikwa kwenye waya ni ukubwa wa shaba peke yake. Usiitumie hapa.

Kwanza: 16 x 16 = 256
Pili: 4 x 4 = 16
Tatu: 256 ÷ 16 = 16
Nne: 16 x 40 ÷ 100 = 6.4

Waya haukatwi vipande, kwa hiyo acha hiyo .4. Bomba hili lichukue waya 6, basi. Njia moja ya soketi hutaka waya 3: wa moto, wa nyutro na wa ethi. Kwa hiyo waya 6 ni njia 2. Kama kona ni nyingi au mzigo ni mkubwa, fundi atapunguza.

Kufunga waya ni kazi ya fundi mwenye leseni. Tanzania, leseni hiyo hutolewa na EWURA. Lakini mwenye nyumba ni wewe. Kabla ukuta haujapigwa plasta, hesabu waya. Zikizidi, sema, "Fundi, ongeza bomba jingine." Bei ya bomba ni ndogo kuliko bei ya nyumba.

ZOEZI

Tundu la bomba ni milimita 20. Waya ni milimita 4. Ziingie waya ngapi?

(Jibu: waya 10.)