Kamera ya Filamu Imekwama? Usifungue Mgongo Kwanza

Katika masanduku ya nyumba za Wote, Mwingi au Kibwezi huenda bado kuna kamera ya zamani yenye filamu ambayo haijasafishwa. Makueni ilitengwa na Wilaya ya Machakos mwaka wa 1992. Huenda picha zilizomo ni za kabla ya hapo. Mwenye kamera akiona wenzo wa kusogezea filamu haugeuki na kitufe hakipigi, hushawishika kufungua mgongo achungulie. Mwanga ukiingia, picha huungua, na hakuna fundi wa kuzirudisha.

Fuata hatua hizi:

1. Soma kihesabu picha. Kikionyesha 24 au 36, huenda filamu imeisha tu na kamera ni nzima. Bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, kisha zungusha kishikio cha kurudishia filamu kwa kufuata mshale hadi kilegee. Hapo ndipo ufungue.

2. Kagua betri. Canon AE-1, iliyotoka mwaka wa 1976, haipigi bila betri ya volti 6, na isipopiga wenzo nao hujifunga. Pentax K1000 ya mwaka huohuo hupiga bila betri. Betri yake ni ya kupima mwanga tu.

3. Vuta wenzo polepole hadi mwisho. Ukiishia katikati, kamera nyingi hazipigi. Hakikisha pia kitufe hakijafungwa kwa kufuli yake, na gurudumu la kasi limekaa kwenye namba.

4. Ikibaki imekwama, usilazimishe. Filamu inaweza kukatika. Itoe katika giza totoro, bila hata mwanga wa simu, au mpelekee mpiga picha mwenye mfuko mweusi wa kutolea filamu.

Kamera ikishakuwa tupu, piga huku ukitazama shata, yaani pazia dogo linaloruhusu mwanga kufikia filamu. Likijivuta au likibaki wazi, huenda grisi imeganda au vumbi limeingia. Usiliguse kwa kidole wala usitie mafuta ya cherehani. Mwachie fundi.

Kabla ya kupeleka filamu kusafishwa, waulize wazee ilipigwa lini na wapi, uandike kwenye karatasi na kuifunga pamoja na mkebe wake. Picha isiyo na majina humpa mjukuu kazi ya kubahatisha.