Chembe nyeupe zikiwa nyingi, si kila mara ni mikrobi



Watu wengi wakitoka laboratware na karatasi inayosema chembe nyeupe ni nyingi, wanakimbilia kununua antibiotiki. Leo tujifunze kwa nini hiyo si njia nzuri kila mara.

1. TEZI ZA JUU YA FIGO
Juu ya kila figo kuna tezi moja ndogo, yenye uzito wa gramu 4 au 5. Waganga wanaziita surenali. Ganda lake linatengeneza kortizoli; kiini chake kinatengeneza adrenalini. Pengine uvimbe unaota ndani yake. Mara nyingi si kansa, wala hauleti taabu. Lakini mwingine unamwaga kortizoli au adrenalini kupita kiasi.

2. DAMU INABADILIKA NAMNA GANI?
Kortizoli nyingi inaongeza netrofili na kupunguza limfositi. Tuchukue mfano: katika chembe nyeupe 100, netrofili ni 80 na limfositi ni 10. Gawa 80 kwa 10, unapata 8. Kwa mtu mwenye afya, jibu kwa kawaida ni kati ya 1 na 3. Utasema: ana mikrobi. Kumbe pengine hakuna.

Uvimbe wa kiini nao, kwa wagonjwa wachache, unaleta homa na kupandisha CRP na VS, bila mikrobi yoyote.

Kinyume chake kipo pia: kortizoli inazuia mwili kupigana. Mgonjwa mwenye mikrobi kweli anaweza kukosa homa, na ugonjwa unaendelea kwa siri.

Kwa hiyo hesabu moja ya damu haitoshi kujua uvimbe. Munganga anapima homoni katika damu na mkojo, na kutazama tezi kwa skaneri.

3. VIDONGE VYA KUNENEPESHA
Deksametazoni inayouzwa sokoni inafanya kazi kama kortizoli: inabadilisha chembe nyeupe vilevile. Tena inalaza tezi usingizi. Ukiizoea halafu ukaiacha ghafula, unaweza kulegea, kutapika, tansio kushuka, hata kufa. Usiache peke yako. Mwambie munganga, atakupunguzia polepole.

4. FIKA DISPANSERE UKIONA HAYA
— Tansio inabaki juu ingawa unameza dawa.
— Kichwa kinauma, jasho linatoka na moyo unapiga mbio, kwa vipindi.
— Uso unakuwa wa mviringo, tumbo linanona, lakini mikono na miguu inakonda.

Mwenye dalili hizi asishuke shimoni wala kuendesha mashini kabla ya kuonwa.

Ukija, leta karatasi zako zote za laboratware, na vidonge vyote unavyomeza, hata vile vya sokoni. Usifiche kitu. Hatukuiti kukugombeza, bila kujua ulichomeza, hatuwezi kusoma damu yako vizuri.