Karatasi ya Tribinali Ikifika Nyumbani

Mara hii tunaleta somo la uraia, kwa sababu jambo hili limetugusa.

Mmoja wetu, mtu wa Kabambare, iko na baba mdogo mwalimu. Ofisi moja ilimwondoa kazini kwa barua, naye akashitaki. Tribinali ikakata shauri siku ambayo yeye hakuwapo. Nyuma yake uisie akafika nyumbani na karatasi, akamkuta shangazi peke yake. Shangazi hajui Kifaransa. Akatia kidole, akaiweka sandukuni pamoja na nguo za sikukuu. Ndugu yetu alikuwa nyumbani kwa likizo, lakini hakuuliza, alikuwa kwenye mpira. Karatasi ilipoonekana, siku za rufani zilikuwa zimekwisha pita.

Hatumlaumu shangazi. Tunajilaumu sisi tunaosoma. Basi tujifunze: hukumu inatoka namna gani mpaka imfikie mwenye shauri?

Kwanza, inasomwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 21, inasema kila hukumu iandikwe, itoe sababu zake, na isomwe mbele ya watu wote. Kifungu kile kile kinampa kila mtu haki ya kukata rufani. Kwa hiyo maneno ya sokoni, «umeshinda» au «umeshindwa», si hukumu bado.

Pili, karatasi yenyewe inabaki kwa grefie, ndiye mwandishi wa tribinali. Wenye shauri wanapata nakala yenye sahihi na muhuri. Kufuata kifungu cha 149, haki inatolewa kwa jina la wananchi, lakini hukumu inatimizwa kwa jina la Rais wa Jamhuri.

Tatu, inapelekwa. Katika mashauri ya mtu na mtu, sheria ya tarehe 7 Machi 1960 inasema uisie anaweza kumpa mtu mwenyewe popote anapomkuta, ao kumpelekea nyumbani. Kama hayuko, anaweza kumpa ndugu wa nyumba ile, akikosa, jirani. Anaandika tarehe na jina la aliyepokea. Tarehe hiyo ndiyo mzizi wa yote: kama wote wawili walisikilizwa, siku 30 za rufani zinaanza kuhesabiwa tangu karatasi ilipotolewa, si siku ulipoisoma!

Mashauri ya raia na serikali yako na tribinali zake. Sheria namba 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016 imezipanga: chini tribinali, kisha korti za rufani, na juu kabisa Conseil d'Etat, kule Kinshasa. Mbele ya kushitaki ofisi ili barua yake ifutwe, kwanza uiandikie ofisi ile ile, uombe ibadilishe neno lake. Hapo pia siku zinahesabiwa. Usikisie hesabu, uliza grefie mara moja, maana kutoka Kabambare kupitia Kasongo mpaka Kindu si safari ya siku moja.

Tunasoma katika Esta 8:9 kwamba amri ya mfalme ilipelekwa kwa kila jimbo kwa maandiko yake, na kwa kila watu kwa lugha yao. Kwetu karatasi inafika kwa Kifaransa. Nani atawasomea wazee, kama si sisi?

Basi, ukienda likizo fanya hivi:
1. Uliza: «Mama, kuna karatasi yoyote iliyoletwa?»
2. Andika pembeni tarehe iliyopokelewa na jina la aliyeipokea.
3. Isome yote, mbele na nyuma, uieleze kwa Kiswahili pasipo kuongeza neno.
4. Mwenyewe aipeleke upesi kwa mtu anayejua sheria.

Baba mdogo hakutukasirikia. Alisema tu: «Ninyi mulikuwa macho yangu.» Neno hilo lingali linatuuma.

Ni sisi, makapita wa mwaka wa sita.